Mtoto wa Kutoa Sumu

Watu wakinisikia nasema nilianza kunywa pombe nikiwa darasa la tano, wananionea huruma, na wengine wananiuliza kama nilikuwa mtoto wa mtaani. Sikuwa wa mtaani. Nilikuwa nakaa kwa mama yangu mzazi, nyumba ya matofali ya kuchoma, Kiberege, karibu kabisa na barabara ya kwenda Ifakara. Pombe nilipewa na mama huyohuyo, mbele ya watu, mchana kweupe. Wala mama hakuwa mlevi. Alikuwa hagusi hata tone, na balaa langu lilianzia hapohapo.

Mama alikuwa anapika komoni. Kwa asiyeijua, ni pombe ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi, nzito, inayonywewa kwenye makopo ya plastiki watu wakiwa wamebanana kwenye mabenchi. Kilabu kilikuwa uani kwetu, chini ya paa la nyasi. Na kwetu hakuna mteja anayeinua kopo kabla mpishi mwenyewe hajanywa, kopo zima, watu wote wakimwona. Tunaita kutoa sumu. Mpishi anakunywa, anageuza kopo juu chini waone limeisha, halafu anabaki amesimama palepale. Wakiridhika kwamba hadondoki, ndipo wanaanza kuagiza. Usicheke. Bonde hili limejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, wakata miwa, wafugaji, wakulima wa mpunga, na kwenye habari za kinywaji hakuna anayemwamini mwenzake.

Nilipokuwa darasa la tano mama akaokoka. Kulikuwa na mkutano wa injili karibu na soko, spika zinaunguruma kijiji kizima, na siku ya mwisho mama akapita mbele analia. Alirudi nyumbani mtu mpya. Alichoma hirizi aliyoachiwa na bibi, akapunguza umbea, akaapa kwamba pombe haitapita tena kooni mwake. Kupika hakuacha. Mchungaji alikuwa amesema kunywa ni dhambi. Kuhusu kuuza hakusema kitu, na mama hakuwa mjinga wa kwenda kumuuliza. Baba alikuwa amesharudi mkoani kwao na mwanamke mwingine, na komoni ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Jumamosi ya kwanza baada ya wokovu, pipa limefunguliwa, mabenchi yamejaa, mama akatangaza kwamba yeye hanywi tena, akamsukuma mbele binti aliyekuwa anamsaidia kuchuja. Wateja wakagoma, tena kwa hasira. Walikuwa na sababu yao na waliiona ya akili sana. Mpishi mwenye roho mbaya, walisema, anaweza kumtoa mtoto wa watu afe, lakini hawezi kumtoa wa kumzaa mwenyewe. Kwa hiyo anywe yeye au inywe damu yake. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu. Watu wote wakageuka kunitazama, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni pa jikoni natafuna muhogo.

Mama alijaribu kuomba niguse kidogo tu kwa ulimi. Aliyekataa alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu wa mashamba ya miwa, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata msibani. Mzee wa pama aliongea kama anasoma barua ya serikali. Alisema mama mtu alikuwa anamaliza kopo, na kama mtoto ataonja kijiko basi kilichothibitishwa ni kijiko, kopo halijathibitishwa. Wenzake wakaitikia. Hivyo nikapewa kopo lililojaa. Ilikuwa ya vuguvugu, chachu, na machicha yalinikwama kooni. Nilitapika kidogo puani, nikarudia, nikamaliza. Nikageuza kopo. Kisha nikasimama, na wanaume wazima wakawa wanaangalia magoti yangu.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ikawa hivyo. Kuna walioweka dau la sigara kama nitayumba au sitayumba. Kuna siku nilikuwa na malaria, nikaanza kupepesuka kabla hata ya kumaliza kopo, na watu wakaanza kumgeukia mama kwa maneno makali. Mama akaja nyuma yangu, akanifinya mgongoni kwa kucha ili nisimame wima. Nikasimama. Wakaagiza. Baadaye alinipaka mafuta pale aliponifinya, na alinipaka taratibu, sitamnyima haki yake.

Msidhani sheria walikuwa hawaijui. Ilikuwa imebandikwa ukutani, karatasi kutoka ofisi ya kijiji: ni marufuku kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka kumi na nane. Nilikuwa naisoma kila Jumamosi nikisubiri waridhike kwamba sifi. Lakini kila mtu pale alikuwa na sheria yake aliyokuja nayo kutoka kwao, na walipenda sana kubishana, mimi nikiwa nimesimama katikati kama ng'ombe wa mnada.

Fundi baiskeli mmoja wa nyanda za Iringa alisema kwao mtoto anapewa ulanzi wa asubuhi, ule unaokingwa kwenye mwanzi ukiwa bado mtamu, na hakuna anayeuita pombe. Jua likipanda unachacha, na hapo ndipo unakuwa wa wakubwa. Kwa hiyo kwa mtazamo wake kosa la mama lilikuwa saa. Angenipa mapema asubuhi, hakuna neno. Dereva wa trekta mwenye kwao Kilimanjaro alisema mbege, pombe yao ya ndizi, ni chakula, mtoto analambishwa akiwa bado mgongoni, ila anayempa lazima awe babu. Akajitolea kuwa babu yangu, watu wakacheka mpaka wakamwaga. Mwanamke mmoja wa hukuhuku bondeni alisema kwao msichana aliyekwisha chezwa unyago anaruhusiwa, ambaye bado ni mwiko, akamuuliza mama kwa sauti, mbele ya wanaume wote, kama mimi nimeshakuwa mkubwa. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akajibu kwamba bado, na yule mwanamke akasema basi ni mwiko, akanyoosha kopo lake ajaziwe.

Na kulikuwa na mzee wa Kisukuma, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Yeye alisema kwao mtoto hasogei penye pombe ya wazee, na mtu mzima anayekaa kumwangalia mtoto akinywa anajivunjia heshima. Kwa hiyo alikuwa anageuka. Nikishika kopo tu, yeye anazungusha kigoda chake anatazama ukuta. Wenzake wakimwambia tayari, kamaliza, anageuka tena na kuagiza yake. Miaka yote hiyo niliujua mgongo wa yule mzee kuliko uso wake. Wenzake walimtania kwamba heshima yake iko kisogoni, na yeye alikuwa anacheka nao.

Ubishi ukizidi, mzee wa pama anaufunga. Anaelekeza fimbo yake kwenye ile karatasi na kuwaambia wasome vizuri, sheria imekataza kumuuzia mtoto, na huyu hauziwi, anapewa bure na mama yake. Walimwona msomi kweli.

Siku moja mtendaji wa kijiji akaja mwenyewe. Alikuwa ameletewa habari. Alimsimamisha mama mbele ya wateja wake, akamwambia kumpa mtoto pombe ni kosa, iwe kwa kuuza, kwa zawadi au kwa mila ya mahali popote, na kwamba anaweza kulala ndani. Mimi moyoni nilifurahi jamani, nilifurahi mno, nikajua leo nimekombolewa. Mtendaji alipomaliza kufoka akakaa, maana jua lilikuwa kali na alikuwa ametembea. Mama akampelekea kopo la kumtuliza. Akalipokea, akalifikisha mdomoni, akasita.

"Hii imeshatolewa sumu?" akauliza.

Wakamwambia hilo ni pipa la pili, bado. Mtendaji akanitazama. Alinitazama vizuri tu, hakukwepa. Halafu akasema basi nitoe, niharakishe, ana kikao.

Nilimaliza darasa la saba nikafaulu, wakanichagua kwenda sekondari moja ya Ifakara yenye hosteli. Niseme wazi nilikuwa nataka nini, kwa sababu ndicho nilichokuja kunyang'anywa. Nilitaka kazi ya mbu. Watu wa utafiti walikuwa wanakuja kijijini kutega mbu, na dada mmoja kati yao, mwenye mabuti ya mpira, aliwahi kuniwekea mbu mmoja kwenye kioo chake nikachungulia. Nikaona miguu yake ina mabaka madogo meupe, nikaona na tumbo lililojaa damu ya mtu. Nikamuuliza kazi hiyo inapatikanaje. Akasema inasomewa, biolojia na kemia, na nisikubali kuishia njiani. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamke analipwa kwa kuchungulia na kuandika. Tangu hapo sikutaka kitu kingine.

Hosteli ilinifaa. Wenzangu walilalamikia maharage yenye wadudu, mimi nilikuwa nalala Jumamosi mchana kichwa kikiwa chepesi, naona niko peponi. Haikudumu. Wateja wa mama walikuwa wamegoma tena. Pombe ilikuwa inaharibikia mapipani, mama anawapa nguruwe wa jirani. Akaja shuleni amevaa kitenge cha kwaya, akamwambia mkuu wa shule kwamba anasumbuliwa na presha na anahitaji mwanawe kila Jumamosi amsaidie kazi za nyumbani. Mkuu wa shule, mama mmoja mkali lakini mwenye kusikiliza, akamwonea huruma akaruhusu.

Nilikataa. Jumamosi ile ya kwanza nilimwambia mama kabisa, sinywi, mimi sasa ni mwanafunzi wa sekondari. Hakunipiga. Alinikalisha akaniuliza kwa upole hosteli inalipwa na nini, godoro limenunuliwa na nini, zile daftari nazoringia zimetoka wapi. Akasema nikitaka kusoma nitakunywa, na nisipotaka kunywa nirudi tukalime wote. Nikanywa. Ikawa bodaboda ananifuata asubuhi, mchana natoa sumu, jioni narudi Ifakara natafuna majani ya mpera njia nzima ili kuua harufu. Nilifanya hivyo kidato cha kwanza chote, na darasani nilikuwa miongoni mwa wanaoongoza. Walimu wakiniuliza siri yangu ni nini, nilikuwa nasema ni maombi ya mama.

Kidato cha pili, wakati wa mavuno ya mpunga, watu wana hela na kiu, mama akapika mapipa matatu kwa mpigo. Kila pipa lina kopo lake, ndiyo kanuni. Nilimwomba mzee wa pama, kwa heshima zote, akubali kopo moja liwakilishe yote. Nilimpigia magoti kabisa. Akaniambia mjukuu wangu, hayo ni mapipa matatu tofauti, usituletee njia za mkato. Nikanywa yote matatu na sikuwa nimekula. Mvua ikatukuta njiani, bodaboda akakwama kwenye tope, tukafika wakati wa kuitwa majina. Nilipoitwa nikafungua mdomo niseme nipo, nikamtapikia matroni kwenye viatu.

Wasichana walicheka. Baadaye, harufu ilipowafikia, wakaacha kucheka wakaziba pua. Matroni alinishika sikio akanizungusha mbele ya mistari yote ili kila mmoja amwone mlevi anafananaje. Mdogo wa kidato cha kwanza, niliyekuwa namfundisha hesabu, alinitemea mate kwenye sketi ili matroni amwone anatema.

Mkuu wa shule aliniita peke yangu. Hakufoka. Aliniuliza nimepata wapi, nikanyamaza. Akanieleza jambo moja akitaka nilielewe vizuri. Kwake, alisema, mwanafunzi aliyejitafutia pombe ni kosa la mwanafunzi, na adhabu yake ni kufukuzwa. Lakini mtoto aliyepewa na mzazi wake ni kosa la mzazi. Mtoto anabaki shule, na mzazi anakwenda kujieleza polisi na ustawi wa jamii. Akasema bodi itakaa Jumatano, mama ataitwa, na ikiwa kuna mtu aliyenipa, Jumatano ndiyo siku ya mtu huyo kusema. Nikamwambia nimeelewa. Kusema kweli nilitoka mle ofisini nikiwa na amani. Mama alikuwa ananipenda. Nilijua ataogopa, nilijua atalia, lakini sikuwaza hata mara moja kwamba hatasema.

Jumatano nilipoingia ofisini, cha kwanza kukiona ni kofia ya pama juu ya meza. Mzee alikuwa mjumbe wa bodi. Mimi sikuwa na habari, na mjinga mimi nikafurahi, nikaona nimepata shahidi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Walikuwepo pia wajumbe wengine nisiowajua, matroni, mkuu wa shule, na mama yangu na kitenge chake cha kwaya, Biblia mapajani.

Mkuu wa shule akarudia maneno yake yale yote, taratibu, akimtazama mama. Akaeleza kosa la mtoto ni lipi na kosa la mzazi ni lipi. Kisha akamuuliza kama kuna mtu nyumbani aliyempa mtoto pombe.

"Mimi nimeokoka, mwalimu," mama akasema. "Kwangu mimi pombe sinywi. Sijui mtoto huyu ameitoa wapi."

Nilimtazama nikadhani ananikonyeza, kwamba kuna mpango. Hapakuwa na mpango. Mkuu wa shule akamgeukia mzee wa pama, akasema yeye anatoka Kiberege, je, anamfahamu mzazi huyu? Mzee akakohoa. Akasema anamfahamu sana, ni jirani, na anaweza kuapa kwamba tangu mama huyu aokoke hajamwona akigusa pombe. Akaapa. Na jamani, alikuwa anasema kweli, neno kwa neno.

Hapo ndipo nikaongea. Nikasema mama ndiye anayenipa. Nikaeleza kutoa sumu, kopo, mapipa matatu, nikasema na huyu mzee ndiye anayenisimamia nimalize. Nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka, na maneno yalikuwa yanagongana. Matroni akasema sasa tumejionea, mlevi na mwongo tena. Mjumbe mmoja akatikisa kichwa akasema hivi kweli mama wa kanisani, hivi kweli mzee wa watu. Mzee wa pama aliniuliza kwa upole, mjukuu wangu, ulianza lini tabia hii? Mkuu wa shule peke yake ndiye aliyeendelea kunitazama, na nadhani aliniamini. Lakini alikuwa na neno la mtoto aliyetapika pombe dhidi ya neno la watu wazima wawili.

Mama akaomba ruhusa aniombee. Nani angemkatalia? Aliweka mkono kichwani pangu, ule mkono wa kukorogea komoni, akaomba kwa sauti Mungu anifungue kutoka kwenye roho ya ulevi niliyorithi kwa baba yangu. Alikuwa analia machozi ya kweli. Niliyasikia yananidondokea shingoni. Wote wakasema amina, na mzee wa pama alisema amina kubwa kuliko wote. Halafu wakanifukuza shule.

Njiani, kwenye bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenishikilia kiunoni, alinisemesha sikioni. Angefungwa, alisema, ningekula nini? Kilabu kingefungwa, kanisa lingemtenga, na mimi ningebaki shuleni na nani wa kunilipia? Alisema alichagua kilicho bora kwetu sote. Alisema nitamwelewa nikizaa.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko kawaida, kuniangalia. Mzee wa pama alikuja pia, hana hata chembe ya aibu, akaketi mahali pake. Mtu mmoja aliuliza kama kweli ni sawa nitoe sumu tena baada ya mambo yale. Mzee akamtuliza. Akasema sasa ndiyo hakuna shida yoyote, maana kikwazo kilikuwa uanafunzi, na huyu si mwanafunzi tena. Sasa ni mtu mzima wa nyumbani. Wakacheka, mmoja akanipongeza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Mama akanijazia kopo. Mzee wa Kisukuma akageuza kigoda chake. Nikanywa kopo lote, isipokuwa funda la mwisho nililolibakiza mdomoni. Nikageuza kopo. Nikasimama. Niliwaacha waanze kupumua, wengine wakaanza kunyoosha mikono kwa mama. Kisha nikalegeza magoti nikaanguka chali.

Nilikuwa nimemwona mbwa wa jirani aliyekula sumu ya panya, kwa hiyo nilijua inavyokwenda. Nilikaza miguu, nikatupa mkono, nikaiachia ile komoni itoke pembeni mwa mdomo pamoja na mapovu. Nikafumba macho. Mabenchi yakaanguka kwa pamoja. Watu walikanyagana kutoka uani. Nilimsikia dereva wa trekta anatapika kwa makusudi, na wala hakuwa amekunywa. Nilimsikia mzee wa pama anaulizia baiskeli yake. Katika wateja hao hakuna hata mmoja aliyekimbilia kunigusa.

Aliyekuja ni yule mzee wa Kisukuma. Alipiga magoti karibu nami, harufu ya ng'ombe ikanijia, akaniwekea kiganja mbele ya pua. Nikabana pumzi, lakini mwisho ikanishinda, ikanitoka vuguvugu mkononi mwake. Mkono wake ukakaa palepale kidogo. Alikuwa ameshajua. Kisha akanyanyuka, na badala ya kuwaambia watu kwamba mzima huyu, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nani kampa mtoto huyu?"

"Mimi," mama akasema. Alikuwa ameangukia magoti kwenye machicha, amenishika miguu. "Mimi ndiye niliyempa. Nimempa tangu yuko darasa la tano. Huyo mzee anajua, mtendaji anajua, wote mnajua. Nimemuua mwanangu mimi."

Alisema tena. Alisema kwa kupiga kelele mpaka waliokuwa barabarani wakasikia, kwamba yeye ndiye aliyenipa, yeye, siyo mtu mwingine, wamwite polisi, wamfunge. Alijipiga kifuani na kunitikisa, na mimi nikajilegeza. Nilisikia kila neno. Sijutii kusema kwamba nilimwacha aendelee mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo nikafumbua macho. Alinivuta akanikumbatia, akaanza kumshukuru Mungu, akataka kunibusu mdomo wenye komoni. Nikamwekea mkono kifuani nikamsogeza.

"Mama," nikamwambia, "hayo ungeyasema Jumatano."